Mitandao ya kijamii: sababu gani odio moja inaweza kutikisa muji wa Lubumbashi

Tokea Katuba mpaka Ruashi, tokea Kamalondo mpaka Annexe, watu wengi wanapata habari ya kwanza ya asubui kwa telefone mbele ya kufungua radio. WhatsApp, Facebook na TikTok zinasaidia kuuliza bei ya unga, kutangaza kilio na kuongea na ndugu walio mbali. Lakini zinaweza pia kugeuza mawazo ya mtu bila yeye kujua.

Radio trottoir yenye sauti kubwa

Zamani tetesi ilitembea kwa miguu: sokoni, kwenye bomba, mu taxi-bus. Watu waliiita radio trottoir. Kila mtu alijua kwamba inabadilika njiani, kwa hiyo aliipima mbele ya kuiamini.

WhatsApp imegeuza mambo. Odio inamfikia mtu wa elfu na sauti ileile, machozi yaleyale. Tena inaletwa na mtu unayemwamini: shemeji, mama wa kanisa, mwenzako wa likelemba. Mtu hajiulizi tena nani aliyesema. Anaangalia tu nani aliyemtumia.

Namna inavyofanya kazi

Facebook na TikTok zinahesabu unachogusa, unaposimama na unachoandika. Kisha zinakuletea zaidi ya kile kinachokushika. Hasira na woga vinamshika mtu haraka kuliko habari ya barabara iliyotengenezwa. Njo maana mwenye kutukana kabila la wengine anaweza kupata watazamaji wengi kuliko mwenye kueleza mambo polepole.

Nguvu hiyo imepimwa. Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2010, Facebook iliwaonyesha watu karibu milioni 61 ujumbe wa kuwahimiza kupiga kura. Wengi waliona pia foto za marafiki wao waliokwisha kupiga kura. Watafiti walikadiria kwamba ujumbe huo uliongeza kura kama 340.000. Mwezi wa kwanza 2012, kampuni hiyo ilibadilisha kwa juma moja vitu vilivyoonekana kwa watumiaji 689.003, bila kuwaeleza. Waliopunguziwa maneno ya furaha walianza nao kuandika kwa huzuni zaidi. Tofauti kwa mtu mmoja ilikuwa ndogo sana, lakini kidogo cha kila mtu, kwa watu mamilioni, kinakuwa kingi.

Kwa nini Katanga iangalie sana

Muji huu uko na kidonda cha zamani. Miaka ya 1992 na 1993, hotuba za chuki za wanasiasa zilisukuma watu kuwafukuza majirani wao wenye asili ya Kasai. Maelfu ya familia walilala kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi wakingojea treni, na wengi walikufa. Mwaka 1994, nchini Rwanda, radio RTLM ilichochea mauaji ya kimbari.

Chuki haikungojea intaneti, basi. Lakini siku zile ilihitaji studio ao jukwaa. Leo mtu mmoja, hata aliye Bruxelles ao Paris, anaweza kuirusha kwa Kiswahili ao Kilingala akiwa amekaa kwake. Jiwe likitupwa, yeye halimfikii. Linaangukia watu wa avenue moja, wanaochota maji pamoja.

Nord-Kivu na Ituri nazo zinajua bei ya tetesi. Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua huko watu zaidi ya 2.200. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa tisa 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kama ugonjwa huo ni wa kweli. Walioamini tetesi walikuwa wazito kukubali chanjo na kwenda hospitali.

Kukata intaneti ni dawa?

Serikali ilijaribu njia hiyo mwaka 2015, 2016 na 2017. Kisha, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, intaneti ilikatwa karibu siku 20. Kukata kunazima tetesi pamoja na ukweli: mwanahabari anakosa njia ya kuisahihisha, na mtu anayetafuta ndugu zake anabaki gizani.

Kuna pia sheria. Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, katika kifungu cha 360, inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao, na anayeisambaza vilevile. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 mpaka 6 na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000, ao moja kati ya hizo mbili. Kusema «mimi nimetuma tu» hakuokoi mtu.

Mbele ya kutuma

- Angalia mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp. Maana yake umepita mikono mingi, na aliyekutumia pengine hajui ulitoka wapi.
- Uliza: nani, wapi, siku gani? Odio isiyo na jina wala tarehe, iache palepale.
- Sikiliza radio mbili tofauti, ao angalia Congo Check, wanahabari wa kwetu wanaochunguza tetesi tangu 2018.
- Ukisikia hasira ao woga umepanda, ngoja. Ujumbe mwingi wa chuki umetengenezwa ili usingoje.
- Mkubwa wako akituma uongo, usimwaibishe mu kundi. Mwambie pembeni: «Baba, hii habari tumeiuliza, si ya kweli.» Halafu umuombe aisahihishe yeye mwenyewe. Walioiamini kwa sababu yake watamsikia yeye kuliko wewe.