Chembenano: punje ya chanjo inayokutanisha seli

Nalipendelea neno chembenano, ingawa lina mtego wake. Tumezoea kusema chembechembe nyeupe za damu, kwa hiyo msomaji anaweza kudhani chembenano ni kiumbe hai kidogo zaidi. Sivyo. Chembenano haina uhai, na hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Ndiyo maana humu kilicho hai nitakiita seli.

Tazama R21, chanjo ya malaria iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, ikajaribiwa Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa kwingine, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Chembe yake ina upana wa takriban nanomita 20. Imejengwa kwa protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, ikaunganishwa na kipande cha protini inayokifunika kimelea cha malaria kinapotoka kwa mbu. Katika kipande hicho, mfuatano wa asidi amino nne hujirudia mara nyingi.

Udogo huo huiwezesha kusafiri katika limfu mpaka kwenye tezi. Huko, seli B (aina ya chembechembe nyeupe za damu) inayoutambua mfuatano wa malaria huushika mahali pengi kwa wakati mmoja, huamka, kisha huimeza chembe nzima. Lakini peke yake haifiki mbali. Huikatakata chembe na kuonyesha vipande vyake kwenye utando wake, ikisubiri seli T saidizi, aina nyingine ya chembechembe hizo nyeupe.

Hapa ndipo ubunifu ulipo. Mfuatano ule unaojirudia huziamsha seli T kwa shida. Protini ya homa ya ini huziamsha vizuri. Kwa kuwa vyote vimo katika chembe moja, seli B iliyovutwa na malaria huonyesha kipande cha homa ya ini, na seli T inayokijua kipande hicho huisaidia. Protini hizo zingedungwa zikiwa zimetengana, msaada huo ungekosekana.

Seli B zilizosaidiwa huzaliana, na zinazoshika kwa nguvu zaidi ndizo huendelea. Baadhi hugeuka viwanda vya kingamwili, protini zinazopaswa kukinasa kimelea kabla hakijajificha ndani ya ini. Muda wa kukiwahi ni mfupi, hivyo kingamwili lazima ziwe nyingi, nazo hupungua. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyemaliza dozi tatu za mwanzo hurudishwa kliniki kwa dozi ya nne.