Miwani ya Jua kwa Mtoto: Weusi Wake Si Kinga

Leo tunazungumzia miwani ya jua ya watoto. Ili tujue kuichagua, kwanza tujue ilikotoka.

Mwaka 1752, fundi wa miwani James Ayscough wa London alitengeneza lenzi za rangi ya kijani na buluu. Nia yake ilikuwa kusaidia watu kuona vizuri, si kuwakinga na jua.

Kinga ilitokana na shida za wafanyakazi. Huko Uingereza, mafundi wa tanuri za vioo walikuwa wakipata mtoto wa jicho. Mwanasayansi William Crookes alichanganya kioo na madini mbalimbali, na mwaka 1913 akatangaza vioo vinavyozuia joto na miale ya urujuanimno, ile ambayo macho hayaioni. Baadhi ya vioo hivyo havikuwa na weusi wowote. Basi kinachokinga ni kile kilichomo ndani ya lenzi, si rangi yake.

Mwaka 1929, Sam Foster alianza kuuza miwani ya bei nafuu ufukweni Atlantic City, Marekani. Miwani ya jua ikawa pambo, na mpaka leo baadhi ya inayoning'inia vibandani ni pambo tu.

Mama, pambo hilo laweza kudhuru. Nyuma ya lenzi nyeusi, mboni ya jicho hupanuka kama ifanyavyo gizani. Ikiwa lenzi haina kinga, miale hupenya kwa wingi. Isitoshe, jicho la mtoto huipitisha kuliko la mtu mzima. Nasi wa Dagoretti tuko karibu na Ikweta, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako jua ni kali.

Ukinunua, zingatia haya:

1. Tafuta alama ya UV400. Kwa kuwa kibandiko chaweza kuwa cha uongo, omba duka lenye kipimo likupimie.

2. Chagua lenzi ya plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Kioo kikivunjika hukata.

3. Lenzi ya polaroidi hupunguza mng'ao tu. Nayo lazima iwe na UV400.

4. Miwani ifunike jicho vizuri na isimbane mtoto.

Huna pesa? Kofia pana na kivuli, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, ni kinga nzuri. Mtoto mwenye ualbino anahitaji vyote.

Tena, kupatwa kwa jua kama kule kwa tarehe 3 Novemba 2013 hakutazamwi kwa miwani ya jua hata kidogo.

Mwisho, ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au macho yamepishana, usiyafiche kwa miwani. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.