Kipya Kinyemi: Historia Fupi ya Vidonge vya Usingizi

Wahenga walinena: kipya kinyemi ingawa kidonda. Kinyemi ni kitu chenye kupendeza. Nasi twaona methali hii yafaa kuwa kichwa cha historia ya dawa za usingizi huko Ulaya, na ya imani walizonazo wazee wa huko juu ya dawa hizo.

Mwaka 1869 Oskar Liebreich wa Berlin alitangaza kwamba klorali huleta usingizi. Watu wakaipokea kwa shangwe, kisha baadhi yao wakawa watumwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wengine wawili, Emil Fischer na Josef von Mering, wakatoa barbitali, iliyouzwa kwa jina la Veronal. Hiyo nayo ikasifiwa. Lakini ikadhihirika kwamba kipimo kiletacho usingizi hakiko mbali na kipimo kiletacho mauti. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ikaanza kuuza thalidomaidi, dawa iliyosemwa kuwa haina madhara. Ilipoondolewa madukani mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyolemaa, kwa kuwa mama zao waliimeza wakiwa wajawazito.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 vikaja vidonge vya jamii ya benzodiazepini, kama vile Mogadon. Hivi havikuua upesi kama barbitali, kwa hiyo madaktari wakavitoa bila hofu, na wengi waliovianza katika utu uzima wakazeeka navyo. Ilikuwa mwaka 1988 ndipo kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilipowaonya madaktari wasivitoe kwa zaidi ya wiki 2 hadi 4.

Basi mzee asemapo, "Nisipomeza silali," tusimcheke. Imani hiyo aliipata kwa daktari, na mwili wake huishuhudia: aachapo kidonge ghafla, usingizi humkimbia kuliko hata hapo awali. Yeye hudhani huo ni ushahidi kwamba hawezi kulala bila dawa, kumbe ni dalili ya mwili uliokwisha kuizoea.

Hali kadhalika, mwili wa mzee huchelewa kuitoa dawa. Huamka usiku akipepesuka, akaanguka, akavunjika nyonga. Na akili yake ikitatizika, watu husema ni uzee tu. Ndiyo maana yafaa dawa ipunguzwe kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi isiwe kidonge, bali mafunzo ya kubadili mawazo na mazoea ya kulala.

Nasi walimu, tuifundishapo methali hii, tusiishie kwenye kinyemi. Wanafunzi wetu wana babu na bibi nyumbani. Na wakifahamu vema neno kidonda, huenda wakawauliza kwa adabu wanameza nini usiku, na tangu lini.