Sati: Kwa Nini Tuseme Uzingativu

Sati ni istilahi ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Ubudha. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa afisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza huko Ceylon, aliifasiri kwa neno mindfulness, na Waingereza wakalikubali. Asili ya sati ni kukumbuka. Mwenye sati anajua anachokitenda, anachokisema na anachokiwaza, na papo hapo anakumbuka fundisho linalompambanulia jema na baya.

Katika Ubudha, sati ni hatua ya saba ya Njia yenye Sehemu Nane. Kabla yake hutajwa usemi mwema, matendo mema na riziki njema. Muumini hujifunga kwa miiko mitano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asilewe. Riziki njema nayo inamkataza biashara ya silaha, ya binadamu, ya nyama, ya vileo na ya sumu.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyewahi kufunzwa Zen na mtawa wa Kikorea Seung Sahn, alianzisha mafunzo ya mindfulness kwa wagonjwa wenye maumivu sugu katika chuo cha tiba cha Massachusetts. Lugha ya dini aliiweka kando ili madaktari wayapokee, na wagonjwa wengi walipata nafuu. Baadaye zoezi hilo likatoka hospitalini. Mwaka 2007 liliingia katika kampuni ya Google. Kisha likajaribiwa kwa wanajeshi wa Marekani, watu ambao mwiko wa kwanza ungewagusa kuliko wote. Mkosoaji Ronald Purser, katika kitabu chake cha 2019, analaumu kwamba mfanyakazi sasa anafunzwa kuustahimili mzigo badala ya kuuliza nani kamtwika.

Huku kwetu Kenya, katika kaunti ya Kajiado, istilahi hii inafika ikiwa tayari imepunguzwa. Mkazi wa Kitengela anayekwama kwenye foleni ya magari pale Athi River huipata katika programu ya simu: vuta pumzi, tulia, endelea na kazi. Kuhusu kazi yenyewe haulizwi lolote. Lau sati ingekuja nzima, ingezua mjadala mkali katika kaunti hii ya wafugaji, yenye soko la mifugo la Bissil, kichinjio cha Keekonyokie kule Kiserian na nyama choma za Kitengela. Mfugaji wa Kimaasai halazimiki kulikubali jibu la Budha, na ana hoja zake. Lakini swali la riziki njema lingekuwa limefika mezani. Sati iliyopunguzwa ni sawa na adumu, ngoma ya kuruka ya Wamaasai, inayochezwa hotelini: mruko ni uleule, ila eunoto, sherehe inayowavusha morani kuelekea uzee, haipo.

Sasa tuiiteje? Wengine husema utulivu wa akili. Neno hilo linataja tunda na kuuacha mti. Tena ndilo linalowafaa wauzaji wa programu hizo. Wengine husema umakinifu. Hilo limekaribia, lakini hata mwizi anayefungua kufuli usiku ana umakinifu mwingi. Lililo bora ni uzingativu. Kwa Kiswahili tunazingatia maneno ya msemaji, yaani tunayatia akilini. Tunazingatia pia sheria, masharti na wosia, yaani tunavifuata. Neno moja linabeba usikivu na wajibu, na ndivyo sati ilivyokuwa kabla ya kukatwa vipande.

Ubudha wenye maadili yake hauko mbali nasi. Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda, alianzisha kituo cha Kibudha nchini Uganda mwaka 2005, na kwa mapokeo anayoyafuata, miiko na kutafakari havitenganishwi.

Basi wafasiri, washauri nasaha na watangazaji waandike uzingativu pale wanapokusudia sati. Anayeuza pumzi na utulivu tu, aite bidhaa yake mazoezi ya kutuliza akili. Ni jina la heshima, na halimdanganyi mnunuzi.