Dakawa: Watoto wa Mapambano Wana Ukoo Gani?

Tukiandika historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, tunaandika bunduki, hotuba na mikutano. Ndoa tunaziacha. Nadhani hapo tunapoteza nusu ya habari.

Chukua Dakawa, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mwaka 1982 wakaongezewa Dakawa. Wengi walikuwa vijana. Na vijana, bwana, hawaishi kwa siasa tu. Wakapendana na wenyeji, wakaoana, ingawa chama kilitaka kiombwe ruhusa kwanza.

Wataalamu wa jenetiki huuita mtiririko wa vinasaba: watu wanahama, wanachagua wenzi, na kizazi kinachofuata kinabeba safari hiyo mwilini. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliopima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kama Kilwa, Manda na Mtwapa, ulionyesha kwamba tangu karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Masimulizi ya watawala wa Kilwa yalishika upande wa baba. Lugha ikabaki ya mama: ndiyo hii unayoisoma.

Uluguruni jambo hilo halihitaji maabara. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Kwa Wazulu na Waxhosa hufuata baba. Basi mtoto wa mama Mluguru na baba mkimbizi, kwa desturi, alikuwa na kwao kuwili. Swali ni nani angebaki kumwita wake.

Mwaka 1990 ANC iliruhusiwa tena kwao. Mwaka 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa Tanzania. Wapo wake na watoto waliosafiri, wapo waliobaki Morogoro. Hapo ndipo ule "uchaguzi wa mwenzi" wa wanabiolojia unaponitatiza. Kupendana kulihitaji wawili. Kuondoka kuliweza kuamuliwa na mmoja. Vinasaba vitatueleza nani alizaa na nani. Nani aliachwa, hilo tuliandike sisi, kina mama hao wangali hai wa kusimulia.