Farasi naye huulizwa pasi

Mtanisamehe kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana, na ukitoka wodini asubuhi kitu pekee unachokitamani ni kitanda. Leo sizungumzii baridi, wala bili ya gesi, wala wale ndugu wanaodhani huku hela zinachumwa mtini. Leo nataka tuzungumze farasi. Anayetaka kucheka acheke, mwishoni tutaelewana.

Ninakoishi ni Kent, kusini mashariki ya Uingereza, jirani na barabara inayoshuka kwenda bandari ya Dover. Majira ya joto yakifika hupita malori marefu ya kubebea farasi wa mashindano, wanaovuka kwenda Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kuruka viunzi. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mwingereza aliyekulia kwenye mazizi, aliniambia siku moja tukiwa kwenye mapumziko: "Farasi yule ana makaratasi mengi kuliko uliyokuja nayo wewe." Nilidhani ni utani. Nikaanza kusoma, kila nikipata nafasi, na nikakuta kwamba mambo ya viza, karantini na forodha yamewahi kuihamisha hata Olimpiki kutoka bara moja kwenda jingine.

Tuanzie mwaka 1949. Mwaka huo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa mji wa Melbourne, Australia, michezo ya mwaka 1956. Melbourne iliishinda Buenos Aires kwa kura moja tu. Shangwe zilipotulia ndipo likaonekana tatizo. Sheria ya karantini ya Australia ilitaka farasi anayetoka nje atengwe miezi sita. Farasi wa mashindano ni mwanariadha kama mwanariadha mwingine. Umfungie miezi sita peke yake, kisha umwambie aruke? Haiwezekani. Australia iliombwa ilegeze masharti, ikakataa. Mwaka 1954 Kamati ikaamua kwamba michezo ya farasi ifanyike Stockholm, Sweden. Kanuni za Olimpiki zilitaka michezo yote ifanyike katika mji mmoja, lakini kanuni hiyo ikawekwa kando.

Basi kuanzia tarehe 10 hadi 17 Juni 1956 nchi 29 zikakutana Stockholm, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1912. Australia yenyewe, mwenyeji wa michezo, ililazimika kupeleka wapanda farasi wake Ulaya, na ikashika nafasi ya nne katika mashindano ya siku tatu. Huko ndiko Mjerumani Hans Günter Winkler alipochanika msuli wa kinena katika raundi ya kwanza ya kuruka viunzi. Raundi ya pili alipanda hivyo hivyo na maumivu yake, na farasi wake jike aitwaye Halla akamvusha bila kuangusha kiunzi hata kimoja. Wakapata dhahabu. Wajerumani wanamkumbuka farasi huyo mpaka leo.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Michezo mingine yote ilianza Melbourne tarehe 22 Novemba. Kabla ya hapo vita vya Suez vilikuwa vimezuka na vifaru vya Urusi vimeingia Hungary. Misri ikasusia kwa sababu ya Suez. Uholanzi, Uhispania na Uswisi zikasusia kwa sababu ya Hungary. Nchi zote nne zilikuwa zimeshiriki Stockholm mwezi Juni. Maana yake, farasi waliokatazwa kukanyaga Australia ndio walioziwakilisha nchi zao kwenye Olimpiki ile, na wanariadha wasio na karantini yoyote ndio ambao hawakufika. Siasa ilifunga mlango ambao ugonjwa haukuufunga.

Sasa tujiulize, Australia ilikuwa na roho mbaya? Mimi ni nesi, siwezi kuidharau karantini. Tumeona wenyewe wakati wa korona thamani ya kutenganisha mgonjwa na mzima. Na ushahidi upo. Mwaka 2000 Olimpiki ilirudi Australia, safari hii Sydney, na farasi wa kigeni wakaruhusiwa. Hawakuambiwa tena wakae miezi sita. Walitengwa kwa muda mfupi zaidi kabla ya safari na baada ya kufika, wakapimwa na kuchungwa na madaktari wa mifugo, na michezo ikaisha salama. Sayansi ilikuwa imepiga hatua na sheria ikaifuata.

Kisha Agosti 2007 mafua ya farasi yakaingia Australia, nchi ambayo haikuwahi kuyaona. Yalikuja na farasi walioagizwa kutoka nje, yakavuja kwenye kituo cha karantini cha Eastern Creek, Sydney, na yakasambaa kwenye mashamba na mazizi karibu 10,000 ya New South Wales na Queensland. Mashindano yakasimama, farasi hawakuruhusiwa kusogezwa, watu wakakosa riziki. Uchunguzi ulioongozwa na Ian Callinan, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Australia, ulionyesha kwamba inaelekea virusi vilitoka nje kupitia mtu au vifaa ambavyo havikusafishwa ipasavyo. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, mmenielewa. Ni yale yale ya kunawa mikono na kubadilisha aproni. Karantini ilikuwepo kwenye karatasi, kwenye zizi haikuwepo.

Sasa tuje kwetu. Australia ilikuwa mwenye nyumba anayefunga mlango. Sisi Waafrika tuko upande wa pili, tunaobisha hodi. Kuna maradhi yanayoitwa maradhi ya farasi ya Afrika. Yanaletwa na virusi, na kinachoyaeneza ni usubi, vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma usiku. Farasi hamwambukizi mwenzake kwa kugusana, lazima usubi apite katikati. Yakimpata farasi ambaye hajachanjwa, aghalabu hufa. Katika miaka ya 1854 na 1855 yaliua farasi karibu 70,000 kule Rasi ya Tumaini Jema. Huku kwetu Afrika Mashariki yapo pia, na ukiongeza ndorobo na malale yake, utaelewa kwa nini misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda bara ilitegemea mabega ya wapagazi, haikutegemea farasi.

Ulaya inayaogopa maradhi haya, na ina sababu. Mwaka 1987 punda milia kutoka Namibia walipelekwa kwenye bustani ya wanyama karibu na Madrid. Punda milia huvibeba virusi bila kuonekana mgonjwa. Hispania ikashikwa na mlipuko uliorudi rudi hadi mwaka 1990, na Olimpiki ya Barcelona ilikuwa mwaka 1992. Ingekuwa nchi ya kawaida na mashindano ya kawaida, pengine wangefuta. Hawakufuta. Wakatenga eneo maalumu lisilo na maradhi, wakawadhibiti wanyama wa humo, wakaweka njia za kuingilia farasi wa mashindano, na michezo ikafanyika.

Angalieni na mengine. Marekani kwa kawaida humkatalia farasi mwenye vimelea vya homa ya kupe. Lakini kwa Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, baadhi ya farasi waliokutwa na vimelea hivyo waliruhusiwa kushindana kwa masharti makali, wakitengwa na kuchungwa wasipate kupe hata mmoja. Mwaka 2008 China iliandaa Olimpiki Beijing, ila hali ya magonjwa ya mifugo huko bara haikuwaridhisha wakubwa wa mchezo, michezo ya farasi ikahamishiwa Hong Kong, mwendo wa kilomita karibu 2,000. Kumbe penye heshima ya taifa na fedha, njia hupatikana.

Penye mpanda farasi wa kawaida wa Kiafrika, njia huwa ndefu. Chukua Afrika Kusini, nchi yenye mazizi na farasi wa daraja la juu. Mwaka 2011, baada ya mlipuko wa maradhi hayo, Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingiza farasi moja kwa moja kutoka huko. Kwa zaidi ya miaka kumi, farasi wa Afrika Kusini aliyetakiwa Ulaya ilibidi apitie Mauritius, akae huko miezi kadhaa, ndipo aendelee na safari. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2024. Fikiria gharama ya safari ile, halafu ufikirie kijana mwenye kipaji ambaye baba yake hana shamba wala mdhamini. Wengi wanaotaka kufika mbali hununua au kuazima farasi huko huko Ulaya, wakamwacha nyumbani farasi waliyekua naye. Ni kama kumwambia mpiga gitaa aje jukwaani, ila gitaa lake aliache uwanja wa ndege.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lilioanzishwa mwaka 1921, linalijua tatizo hili. Lina mashindano yanayoruhusu wapanda farasi wa nchi za mbali kushindana wakiwa kwao, kwa viunzi vya mpangilio mmoja, kisha matokeo yanalinganishwa. Ni jambo jema. Lakini kushindana na mtu usiyemwona si sawa na kusimama naye uwanja mmoja.

Na msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Turudi kwenye malori ya Dover. Kabla ya mwaka 2021 Uingereza, Ireland na Ufaransa zilikuwa na makubaliano yaliyowaachia farasi wa mashindano na wa mbio kuvuka kwa makaratasi machache. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, makubaliano hayo yakaisha. Tangu tarehe 1 Januari 2021 farasi anayevuka anahitaji cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo, vipimo vya damu, nyaraka za forodha za kuthibitisha kwamba anakwenda kushindana na si kuuzwa, na lazima aingilie kwenye kituo cha mpakani chenye ukaguzi wa wanyama. Gharama zimepanda, na waliokuwa na farasi wawili watatu wamepunguza safari zao.

Hapa ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini. Farasi wa tarehe 31 Desemba 2020 na farasi wa tarehe 1 Januari 2021 ni yule yule. Damu ile ile, zizi lile lile, chanjo zile zile. Usiku ule hakuna kirusi kipya kilichoingia Kent. Kilichobadilika ni biashara na siasa, halafu vikavaa koti jeupe la daktari.

Na kuna mtu ambaye hakuna anayempiga picha, saisi. Ndiye anayelala karibu na farasi, anayejua kwamba leo hakula vizuri, anayefunga bendeji za miguu kama mimi ninavyofunga vidonda. Saisi mwenye pasi ya Uingereza zamani alikuwa anafuata mashindano Ulaya msimu mzima. Sasa, asipokuwa na kibali kingine, ana siku 90 katika kila siku 180, hata kama msimu haujaisha. Na saisi wa Poland au Romania aliyekuwa anakuja kufanya kazi Uingereza bila kuomba ruhusa, sasa lazima awe na viza. Tajiri ataajiri saisi wawili wapokezane. Asiye tajiri atabaki nyumbani.

Mimi mwenyewe kabla ya kupewa viza nilipigwa eksirei ya kifua, kwa sababu natoka nchi iliyo kwenye orodha ya kifua kikuu. Cheti kilikuwa cha miezi sita. Sikukasirika, maana kile cheti kilizungumzia mapafu yangu. Mapafu yakawa safi, nikapita. Ninachokiomba kwa binadamu na kwa mnyama ni hicho hicho. Kama hofu ni ugonjwa, pima, tenga, chanja, safisha, kisha fungua mlango kwa aliye mzima. Kama hofu ni biashara au kura za uchaguzi, semeni hivyo hadharani, msisingizie vijidudu. Sydney mwaka 2000 na Barcelona mwaka 1992 zinaonyesha kwamba inawezekana kuchunga afya bila kumfukuza mgeni. Eastern Creek mwaka 2007 inaonyesha kwamba kanuni kali bila kazi safi ni bure.

Na sisi tuliotoka nyumbani tusiwaachie wenye farasi mjadala huu. Kila sheria ya mpakani inaposomwa, tuulize inamlinda nani na ugonjwa gani. Likikosekana jibu la kitabibu, hiyo ni siasa, na siasa hujibiwa kwa siasa.

Haya wadau, kesho zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Wasalimieni wote huko nyumbani. Alamsiki.