Dirisha Ambalo Mainjinia Hawakulitaka

Tarehe 5 Mei 1961, Alan Shepard alikuwa Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, na bado hakuona poa. Kapsuli yake, Freedom 7, haikuwa na dirisha la maana: vitundu viwili vidogo na periskopu, basi. Akingoja kurushwa, jua lilimsumbua, akaweka kichujio cha kijivu kwenye periskopu, kisha akasahau kukitoa. Akaiona dunia yetu nzima ikiwa kijivu!

Mainjinia walikuwa na hoja. Dirisha ni uzito, tena ni shimo kwenye ukuta unaozuia hewa isitoroke. Lakini wanaanga walikuwa marubani, hawakutaka kubebwa kama mizigo. Walisisitiza mpaka wakasikizwa. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, Gus Grissom akapaa na dirisha kamili.

Sasa, wasee wengi hudhani kioo salama ni kile hakivunjiki. Zii. Mkwaruzo usioonekana kwa macho, ukivutwa na presha na kukiwa na unyevu, hukua polepole mpaka kioo kiachane. Kwa hivyo madirisha ya mbele ya space shuttle yalikuwa na vioo vitatu. Cha ndani kilibeba presha ya hewa. Cha nje kilikuwa cha silika tupu, ambayo haitanuki sana ikipata moto, kwa hivyo ilistahimili joto la kurudi duniani. Na cha katikati? Hicho kilikuwa spea, kiwaokoe hao wengine wakifeli.

Juni 1983 chembe ya rangi, kama milimita 0.2 tu, iligonga dirisha la Challenger na kuchimba kishimo cha karibu milimita 4. Kwa spidi ya huko juu, hata rangi ni risasi. Watu wote watano walirudi salama, kioo kikabadilishwa. Mwaka 2016 Tim Peake alipiga picha ya kovu la milimita 7 kwenye dirisha la kituo cha kimataifa cha anga. Hakuna aliyekimbia, kwa sababu dirisha hilo lina vioo vinne.

Mimi naona somo liko hapo. Hawa watu hawakuuliza tu, "Kitavunjika?" Waliuliza, "Kikivunjika, nani atabaki hai?" Majumba yetu, mabasi yetu, stima zetu: nani anauliza hilo swali la pili kabla ya msiba?